Tungule za Julai huanzia kitaluni Machi

Ukipita soko la Mwanakwerekwe, Unguja, mwishoni mwa Septemba, mara nyingi utakuta tungule, yaani nyanya, zimerundikwa mpaka njiani na dalali anazinadi kwa bei isiyorudisha hata nauli ya gari. Rudi hapohapo Juni. Zilizopo nyingi zimeshuka kwenye boti kutoka bara, zimeminywa na kupasuka njiani, na bado watu wanazigombania. Konde ni lilelile na mkulima ni yuleyule. Tofauti imo kwenye siku aliyotia mbegu kitaluni.

Watu hulalamika kwamba kisiwa hakina ardhi, na kweli hakina nyingi. Lakini mwenye robo eka anaumia zaidi kwa kuvuna wiki moja na jirani zake wote, kisha kupambana na mzigo wa bara juu yake. Kabichi, karoti na mbatata za milima ya Lushoto zitamshinda kila mwaka, kwa sababu baridi ya kule hatuna na mzigo wake unastahimili safari. Hizo waachie wenyewe. Chetu ni kile kisichopenda boti: mchicha, bamia, kotimiri, tungule iliyoivia kwenye mti, pilipili, tikiti. Na hata hivyo vinalipa tu kwa mwenye kuhesabu tarehe.

Hesabu yenyewe

Hesabu inaanzia sokoni na kurudi nyuma. Mche wa tungule hukaa kitaluni siku 28 hivi. Kutoka kupandikizwa hadi mchumo wa kwanza ni siku 70, zikipungua au kuzidi kidogo kwa aina ya mbegu. Jumla siku 98. Ukitaka kuchuma Julai mosi, wakati mahoteli yanajaa wageni, mbegu itiwe kitaluni Machi 25 na mche uingie kondeni Aprili 22. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, maana Aprili ndiyo kilele cha masika. Kwa hiyo husubiri mvua ikatike, wanasia mbegu mwanzo wa Juni, wanapandikiza Julai, na mchumo unaanguka katikati ya Septemba. Konde zima la kisiwa linaiva pamoja.

Si ujinga, tuseme haki. Tungule hupenda kipupwe. Kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusi ukivuma, usiku hushuka hadi nyuzi 21 au 22 na maua hushika vizuri. Kaskazi ikiingia, Januari na Februari, usiku hubaki na joto, chavua inaharibika na maua yanapukutika yakiwa manjano mazuri tu. Mkulima anadhani ni ugonjwa, anapiga dawa, na dawa haina la kufanya hapo. Ukilazimika kupanda kwa mavuno ya Desemba, tumia mbegu inayovumilia joto, na uhakikishe maua ya vishada vitatu vya mwanzo yamefunguka kabla ya Novemba kwisha.

Kitalu cha mvuani

Kwa mara ya kwanza usijaribu robo eka nzima ndani ya masika. Miche 300 inatosha, na inahitaji eneo la mita za mraba 150 hivi. Gramu moja ya mbegu ina punje kama 300, basi gramu moja na nusu inakutosha pamoja na za akiba.

Tandaza kitalu chenye upana wa mita 1, kilichoinuka sentimita 20 juu ya ardhi. Udongo wake uwe umeumwagia maji yanayochemka siku mbili kabla, debe moja la maji kwa kila mita moja ya mraba, kupunguza kuvu wa kinyaushi anayekata miche shingoni. Sia mbegu kwenye mistari iliyoachana sentimita 10, kina cha sentimita 1, kisha funika kwa nyasi kavu mpaka zichomoze, siku ya tano hadi ya nane. Nyasi ziondoe siku hiyohiyo. Ukichelewa hata siku mbili, miche inarefuka kama nyuzi na haitengenezeki tena.

Juu yake weka paa la nailoni nyeupe, upande mmoja mita 1, wa pili sentimita 70, ili maji yateleze. Pande zote zunguusha neti yenye matundu madogo. Neti hii watu huiona anasa, lakini inzi weupe ndio wanaoleta kirusi cha majani kujikunja, na mche ulioambukizwa kitaluni hautazaa kitu. Wiki ya mwisho punguza maji na ondoa nailoni mchana usio na mvua, ili shina likomae. Mche mzuri ni wenye unene wa penseli na majani manne hadi sita. Mrefu mwembamba uache.

Adui mwingine wa masika hatajwi sana: konokono. Wale wakubwa hutoka saa mbili usiku na kumaliza mstari mzima kabla ya alfajiri. Majivu unayozunguushia huoshwa na mvua ya kwanza. Kilichobaki ni tochi na ndoo, usiku baada ya usiku kwa wiki mbili, na kufyeka majani kwa upana wa mita 2 kuzunguka konde ili wasipate pa kulala.

Kondeni, matuta yawe na upana wa mita 1 na urefu wa kwenda juu sentimita 30, na mfereji wa sentimita 60 kati yake wenye mteremko wa kutoa maji nje kabisa ya konde. Mistari miwili kwa tuta, mche hadi mche sentimita 60. Kiangazi unaweza kubana hadi 45, lakini masika hewa ni dawa. Kila mche upate kijiti cha mita 1.5 na ufungwe kwa kamba ya usumba kwa mtindo wa nambari nane, usibane shina. Kishada cha kwanza kikishika, kata majani yote ya chini yake, kwa sababu matone ya mvua yanayoruka kutoka udongoni ndiyo yanayopandisha bakajani, ugonjwa wa kuvu unaokausha majani. Tandaza makuti makavu au majani juu ya tuta kwa sababu hiyohiyo. Dawa ya kopa (shaba) piga kila siku 7 wakati wa mvua, majani yakiwa makavu, na uhesabu siku za kusubiri kabla ya kuchuma kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Anayepiga asubuhi umande haujakauka amemwaga fedha chini.

Mche ukinyauka ghafla mchana majani yakiwa bado ya kijani, usikimbilie maji. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa na udongo wake, choma, na eneo lile usirudishe tungule, bilingani, pilipili wala mbatata kwa miaka mitatu. Panda mahindi au mtama. Uking'oa na kukuta mizizi imejaa vinundu, hao ni minyoo fundo, na hapo kuna la kufanya: Januari na Februari lowesha tuta, lifunike kwa nailoni isiyo na rangi, zika kingo zake, uliache wiki sita. Jua la kaskazi linalokukausha koo linafanya kazi bure.

Kantangaze, yule nondo anayechimba njia ndani ya majani na kutoboa tunda karibu na kikonyo, aliingia Tanzania mwaka 2014 na sumu nyingi za zamani hazimwelewi. Kubadilisha jina la chupa hakusaidii kitu ikiwa kiini ni kilekile, soma kundi la dawa. Na kisiwani mwarubaini haununuliwi. Gramu 50 za kiini cha mbegu kavu, zilizotwangwa, kwa kila lita 1 ya maji. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, piga jioni. Ukipiga saa sita mchana, jua linaivunja kabla haijafanya kazi. Inafaa funza wakiwa wadogo. Wakishaingia ndani ya tunda umechelewa.

Kisima na bahari iliyo chini yake

Mvua ya masika ikikatika, tungule zinazobeba matunda hunywa karibu lita 2 kwa mche kwa siku. Miche 300 ni lita 600, ndoo zinaweza. Robo eka yenye miche 2,000 ni lita 4,000 kila siku, na hapo lazima tangi la lita 5,000 lililoinuliwa mita 1.5 hadi 2, na mipira ya matone yenye tundu kila sentimita 30.

Kabla ya kununua hivyo vyote, pima chumvi ya kisima. Chini ya kisiwa maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya supu. Kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na mita 40 hivi za maji matamu chini yake. Ni hesabu tamu, mpaka uigeuze: pampu kubwa ikishusha maji ya kisima kwa sentimita 10 tu na kuyaweka hapo, maji ya chumvi yana nafasi ya kupanda mita 4 kukufuata. Ndiyo maana visima vya ukanda wa pwani, hasa karibu na mahoteli yanayovuta usiku na mchana, huanza vitamu na kuishia na ladha ya machozi. Kuchimba zaidi ndiyo dawa inayopendwa, na ndiyo mbaya kuliko zote. Unaenda kumpokea mgeni mlangoni.

Kuna kalamu ndogo ya kupimia chumvi. Nyingi husoma mikrosimensi, yaani kadiri maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba hupanda. Maharage huanza kupunguza mavuno maji yakizidi 700 tu, vitunguu 800, pilipili 1,000. Tungule huvumilia hadi 1,700. Kwenye 3,400 tungule imepoteza robo ya mavuno, na kwenye 5,000 nusu. Pima mwanzo wa kuvuta na tena baada ya saa moja. Ikiwa namba inapanda, punguza pampu, vuta kwa saa mbili asubuhi na mbili alasiri, kisima kipumzike katikati. Pampu ndogo ya sola inayojaza tangi polepole siku nzima inakifaa kisiwa kuliko ya petroli inayokausha kisima kwa dakika arubaini.

Maji yetu yana chokaa pia. Tundu za mipira huziba kwa ukoko mweupe, na mkulima huona mstari mzima unanyauka upande wa mwisho. Fungua ncha za mipira kila wiki maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe safi, osha chujio kila siku mbili, na mpira ulioziba uloweke usiku kwenye siki na maji, nusu kwa nusu.

Halafu kuna kitako cheusi, tunda linaloanza kuoza chini, kavu kama ngozi. Duka litakuuzia chupa ya kalsiamu. Kwenye udongo wa matumbawe! Kalsiamu imejaa tele, umeikanyaga. Kinachokosekana ni maji ya kuipandisha hadi kwenye tunda, ama kwa sababu umemwagilia leo ukaruka kesho kutwa, ama kwa sababu ya chumvi. Rekebisha ratiba ya maji na tandaza makuti, matunda yanayofuata yatatoka salama. Yaliyokwisha kuoza yachume uyatupe.

Kinongo, kichanga, uwanda

Wazee wameshaupa udongo majina yake na hakuna haja ya mapya. Kinongo, ule mwekundu, ndio bora kwa mboga. Kinamo, udongo mzito wa mfinyanzi wa mabonde, ni cha mpunga, na baada ya mpunga kuvunwa Juni na Julai unyevu uliobaki unakuza viazi vitamu kwenye matuta bila kumwagilia sana. Kuna faida ya ziada: bonde lililojaa maji miezi mitatu limewazamisha minyoo fundo wengi.

Kichanga hakishiki mbolea. Kijiko kimoja kikubwa cha SA, mbolea ya chumvichumvi ya salfeti ya amonia, unachokiweka mara moja kitakuwa kimekwenda na mvua mbili. Weka nusu kijiko cha chai kwa mche kila wiki, sentimita 10 kutoka shinani, na samadi mbivu kilo 1 shimoni kabla ya kupandikiza. Samadi ya kuku isikae chini ya wiki sita kabla ya kutumika. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi.

Uwanda na maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe upande wa mashariki na kusini, ndiko vijana wengi wanakopata eneo kwa sababu hakuna anayelitaka. Trekta haipiti. Unatumia mtaimbo kupanua mifuko ya udongo iliyo kati ya mawe mpaka upate upana wa sentimita 40 na kina cha 30, unajaza madebe mawili, nusu udongo na nusu samadi. Mashimo hayatakuwa kwenye mstari, na usijisumbue kuyalazimisha. Papai, boga, pilipili kali na tikiti hukubali. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, madini ya chuma yamefungwa na chokaa. Nyunyizia mbolea ya chuma ya majani na ongeza samadi. Majivu usiweke kabisa huku, yanazidisha tatizo. Upepo wa kusi wenye chumvi uzuie kwa mistari miwili ya mbaazi au mti wa gilirisidia upande wa kusini-mashariki, iliyopandwa msimu mmoja kabla. Gilirisidia unaikata kila miezi miwili na majani yake yanatandazwa shimoni.

Jambo moja la ardhi lisipitwe. Kwetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Eka tatu iliyotolewa baada ya Mapinduzi ya 1964 leo ina warithi kumi, na minazi iliyomo pengine ni ya mtu wa kumi na moja. Ukikodi, andikishiana kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mtaje muda, na uandike ni nani mwenye haki ya kupita kuangua nazi juu ya matuta yako.

Hoteli na Ramadhani

Mpishi wa hoteli hataki tungule nyingi, anataka zilezile kila Jumanne. Tuseme kilo 100 kwa wiki. Mche uliotunzwa hutoa kilo 2 hivi ndani ya wiki sita. Panda miche 150 kila baada ya wiki tatu: kila kundi linatoa kilo 50 kwa wiki, na makundi mawili yanakuwa kwenye mchumo kwa wakati mmoja. Ukipanda 300 kwa mkupuo utakuwa na kilo 40 wiki ya kwanza, 160 ya tatu, na aibu ya sita. Uliza kabla malipo yanatoka baada ya siku ngapi. Siku 30 ni kawaida, 60 si ajabu, na mbegu ya kundi lijalo hainunuliwi kwa ahadi. Kwa hiyo usimpe hoteli zaidi ya nusu ya mavuno. Nyingine iuzwe sokoni taslimu. Wakulima watano wanaogawana wiki za kupanda wanaweza kumhudumia mpishi mmoja mwaka mzima, na akiugua mmoja mzigo haukatiki.

Wateja wakubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wetu wenyewe mwezi wa Ramadhani. Futari haitaki majani ya saladi. Inataka muhogo, viazi vitamu, majimbi, ndizi mbichi, mashelisheli, na tikiti la kufungulia. Mwezi unarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na mkulima anayepanda kwa mazoea ya mwaka uliopita hukuta sikukuu imempita. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na Februari 8. Viazi vitamu vya siku 120 viingie mwanzo wa Oktoba 2026. Muhogo wa miezi tisa uwe ardhini tangu Mei. Tikiti la siku 80 lisiwe nje ya Novemba 10 hadi 20, mashimo mita 2 kwa 1, mbegu mbili kwa shimo na mmoja ung'olewe.

Vuli itakuwa inamalizia, kwa hiyo majani yawekwe chini ya kila tunda lisiguse udongo, na kunguru afichiwe kwa makuti. Nzi wa matunda hutaga tunda likiwa changa: zilizotobolewa zichume kila asubuhi, ziweke kwenye mfuko mweusi wa nailoni uliofungwa na uuache juani siku tano, usizitupe ukingoni mwa konde. Zilizo nzima, zikifika ukubwa wa yai la kuku na ua limeshakauka, zivishe karatasi ya gazeti iliyobanwa kwa pini. Ukiacha siku mbili zipite, unakuwa umewafungia nzi ndani.